Kamati ya Kulinda Watoto Dhidi ya Wageni

Benchi liko konani, kati ya kibanda cha kuchonga funguo na ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Ni ubao mrefu uliolala juu ya matofali, umelainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Kila asubuhi muuza kahawa hutua birika lake hapo, na kabla ya kikombe cha pili matatizo yote ya dunia huwa yamekwisha tatuliwa, isipokuwa ya hao waliokaa. Mwenyekiti asiyechaguliwa ni Waziri Kivuli, karani mstaafu, aitwaye hivyo kwa sababu jua likisogea naye husogea, na hajawahi kuulizwa jambo akakosa jibu. Wa pili ni Breki, aliyeendesha malori hadi mgongo ukamkatalia. Wa tatu ni Betri, fundi simu, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye kujua kila kitu tangu juzi. Wa nne ni Kitasa, mwenye kibanda, ambaye jina alipewa na kazi, kisha wenzake wakagundua kuwa linafaa na mdomo wake, wakalicheka wiki nzima. Upande wa ukutani, penye ubaridi, pana mto wa bluu ambao haukaliwi na mtu. Hapo ni pa Mwalimu, mzee anayefundisha watoto wa mtaa masomo ya ziada nyumbani kwake, na ambaye kila Jumamosi akimaliza darasa huja kunywa kahawa na kuamkiwa. Kitasa hukaa ncha ya pili, mbali na mto ule. Wenzake husema ni adabu.

Jumamosi hiyo Kitasa alikaa na tupa mkononi na ufunguo mpya uliobanwa kwenye jiliwa, lakini kazi haikwenda. Asubuhi mdogo wake wa kike, aliyelelewa mkoani kwa bibi yao na kuhamia kwake mwezi uliopita na binti yake mdogo baada ya ndoa kumshinda, alimwambia wakinywa chai, "Kaka, leo namwanzisha mtoto kwa Mwalimu. Saa nne." Kitasa alisema "mh", akaiacha chai nusu, akatoka. Njiani alijiwekea sharti. Akitokea mtu mmoja pale benchini akasema anamwamini yule fundi cherehani, yeye atarudi nyumbani kabla ya saa nne na kusema analolijua. Mmoja tu. Hata Betri.

Fundi cherehani mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya duka lake dogo, mlango wazi, cherehani kimya. Tangu Alhamisi hakuna aliyempelekea hata suruali ya kupunguzwa. Alhamisi kulikuwa na mkutano wa mtaa wa kupanga sherehe ya kumshukuru Mwalimu kwa miaka yake yote ya kulea watoto wetu. Waziri Kivuli aliuliza kama kuna mwenye neno la shukrani. Fundi cherehani akasimama, mama mtu mzima wa miaka thelathini na tano, akasema kwamba neno analo ila si la shukrani. Akasema Mwalimu alimharibu alipokuwa na miaka tisa, katika chumba kile kile cha masomo, si mara moja, na kwamba alimwambia mamaye akachapwa. Kisha akakaa. Waziri Kivuli, ambaye huongoza kikao kama mtu aliyezaliwa na ajenda mkononi, alisema, "Tunashukuru kwa mchango wako," akaingia kwenye suala la viti na turubai.

— Mimi nina swali moja tu, alianza Betri. Kwa nini sasa? Miaka yote hiyo alikuwa wapi?

— Alikuwa pale, alisema muuza kahawa. Anashona.

— Wewe mimina kahawa, bwana. Nauliza kiakili. Mtu utakumbukaje jambo la utotoni namna hiyo? Mimi sikumbuki nilichokula juzi.

— Wewe hukumbuki hata ulipoiweka skrini yangu, alisema Breki.

— Skrini yako nimeiagiza!

— Uliiagiza nikiwa bado na meno.

Wakacheka. Waziri Kivuli alikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayetaka kutoa hotuba.

— Wahenga walisema...

— Wahenga waache wapumzike, Breki akamkata. Kila siku unawaamsha na hujawahi kuwapa hata kahawa. Lakini Betri, hapo kwenye kukumbuka umekosea. Mimi ule mteremko naukumbuka mpaka leo. Breki zilikufa katikati, nyuma nina mzigo wa saruji, mbele kuna basi dogo limejaa watu. Harufu ya ule moshi ninayo puani sasa hivi. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Nimesahau majina ya wajukuu zangu, lakini matangazo yale naweza kukusomea.

— Pole sana, ndugu yangu, alisema Waziri Kivuli kwa upole wa kweli. Mambo kama hayo hayamtoki mtu.

— Hayatoki! Mke wangu mwenyewe alikuja kujua baada ya miaka mingi, aliponiona nakataa kukaa kiti cha mbele kwenye gari la harusi. Nilikuwa sijamwambia mtu. Ningeanzia wapi?

— Ungeanzia wapi, kweli, alisema Betri, akatikisa kichwa kwa huruma.

Hakuna aliyemuuliza Breki kwa nini alisubiri. Hakuna aliyesema anatafuta jina, wala aliyetaka shahidi, wala aliyeuliza siku ile alikuwa amevaa nini. Kitasa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akidhani labda sasa watajisikia wenyewe. Hawakujisikia. Walipuliza kahawa zao na kurudi kwa fundi cherehani, naye hawakumpa hata nusu ya pole ile.

— Mimi naona ni simu, alisema Betri. Siku hizi kuna video. Mwanamke anakaa usiku anaangalia wenzake wanasimulia yaliyowapata, asubuhi akiamka na yeye yamempata. Inaitwa kuambukizwa kumbukumbu. Imethibitishwa.

— Na nani? aliuliza muuza kahawa.

— Na watu.

— Sio simu, alisema Breki. Ni ile cherehani. Ya miguu ile. Unakanyaga asubuhi mpaka jioni, damu badala ya kwenda miguuni inapanda kichwani. Nina shangazi yangu alishona miaka ishirini, mwisho akawa anasema amewahi kuolewa na meneja wa benki.

— Alikuwa ameolewa naye? aliuliza Betri.

— Miezi minne. Lakini hiyo si hoja.

Waziri Kivuli alisogea, maana jua lilikuwa limemfikia goti. Akashusha sauti, na wote wakainamisha vichwa, kwa sababu uongo ukinong'onwa hupata hadhi.

— Ninyi mnaangalia karibu. Tazameni mbali. Mtaa wa pili kuna mtu amefungua darasa la ziada lenye kompyuta. Wanafunzi hana. Sasa nani atafaidika Mwalimu akichafuliwa? Na nyuma ya yule wa kompyuta kuna nani? Kuna watu wakubwa. Na nyuma ya hao wakubwa kuna mataifa. Wanataka watoto wetu wasijue hesabu, ili baadaye tusiweze kuhesabu wanavyotuibia.

— Kwa hiyo mataifa yamemtuma fundi cherehani, alisema muuza kahawa.

— Bila yeye mwenyewe kujua! Huo ndio ujanja wao.

Betri alipiga paja kwa furaha. Breki alisema sasa anaona, hata yeye alishangaa kwa nini mwezi uliopita yule mama alinunua uzi wa kutoka nje. Kitasa aliendelea kusugua ufunguo. Alikuwa ametafuta mtu mmoja wa kumwamini mwanamke asiye na sababu ya kudanganya, amepata watatu wanaoamini uzi. Hasira ilimpanda, akasugua kwa nguvu zaidi.

— Halafu fikirini kitu kimoja, alisema Betri. Ingekuwa kweli, mbona hatujamsikia mwanamume hata mmoja? Mwalimu amefundisha wavulana wengi kuliko wasichana. Wako wapi?

— Mwanamume! Breki akacheka hadi kahawa ikamwagika. Mwanamume afanyiwe hayo, halafu akae na sisi hapa anywe kahawa? Si tungemjua kwa kumtazama tu?

— Kwa macho tu, alisema Waziri Kivuli. Jambo hilo haliwezi kujificha.

Tupa ya Kitasa ilipita mahali isipotakiwa kupita, ikaondoa jino zima la ufunguo. Kazi ya nusu saa ikawa chuma cha kutupa. Alikuwa na miaka kumi wakati ule, na sasa ana arobaini na mbili, na katika miaka yote hiyo watu hawa watatu wamemtazama kila asubuhi wasione kitu. Wamemkopa sigara, wamemzika baba yake, wamemsuta kwa kutooa. Mara moja Breki alimtafutia mchumba, na alipokataa walimwita mbahili.

— Kitasa umeharibu ufunguo wa watu, alisema Betri. Fungua mdomo basi, utoe maoni. Leo hata "mh" hujasema.

— Mh, alisema Kitasa.

Wakafurahi sana.

Isije ikasemwa lakini kwamba benchi lilikaa bila kufanya kitu. Ijumaa, siku iliyofuata mkutano, Waziri Kivuli alisema maneno ya fundi cherehani, hata kama ni ya uongo, yameamsha jambo la msingi, yaani usalama wa watoto, na papo hapo ikaundwa Kamati. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, ambaye ni Waziri Kivuli, na filimbi, ambayo ilining'inia shingoni mwa mwenyekiti. Iliazimia kwamba hatari kwa watoto ni wageni. Kabla ya saa sita mchana ilikuwa imemkamata msoma mita za umeme, ikamhoji kwa nini anachungulia kuta za watu, ikamwachia baada ya kuonyesha kitambulisho, koti la kazi na picha ya mkewe. Alasiri ilimfukuza muuza barafu kwa kosa la kupendwa na watoto. Lilipokuja suala la mlezi wa Kamati, mtu wa heshima wa kuishauri, jina lilikuwa moja tu, na lilipita bila kupingwa.

— Leo Mwalimu akija nitamkabidhi rasmi, alisema Waziri Kivuli akiushika ule mto wa bluu na kuukung'uta. Nani katika mtaa huu anayewapenda watoto kuliko yeye?

— Hakuna, alisema Breki.

— Na ile kanuni ya tatu umeiandika? aliuliza Betri. Mtoto asizungumze na mtu asiyemjua.

— Nimeiandika.

— Na mtu anayemjua?

— Anayemjua anamjua, Betri. Usitie Kamati kizunguzungu.

Ndipo Kitasa alipowaona wanakuja. Mdogo wake alikuwa amefunga kilemba cha kutokea, na mpwa wake alivaa gauni la kijani na mkoba mpya uliomzidi mgongo, anarukaruka kuyakwepa madimbwi. Walikuwa wamewahi. Saa nne ilikuwa bado.

— Shikamooni wazee.

— Marahabaa, mwanangu! Karibu, karibu kahawa, alisema Waziri Kivuli. Na huyu mwanafunzi wetu hajambo?

— Sijambo, alisema mtoto. Nimenunuliwa rula.

Mama wa mtoto alikuwa amechoka kutembea na jua. Akageuka aketi penye nafasi, kwenye ule mto wa bluu, na mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja.

— Hapo hapana, binti yangu. Hapo ni pa Mwalimu.

— Samahani, sikujua. Mimi mgeni hapa.

Akabaki wima. Akamtazama kaka yake.

— Kaka, asubuhi uliondoka hukunijibu kitu.

Kitasa aliugeuza mkononi ule ufunguo alioharibu. Mdogo wake akamngoja kidogo, kisha akawageukia wazee, akamwambia mtoto asogee kwa muuza kahawa akaone birika linavyochemka. Muuza kahawa akamshika mkono, akampeleka upande wa pili wa kibanda.

— Wazee wangu, nasikia Alhamisi yalisemwa maneno. Mimi sikuwepo na watu wa hapa siwajui. Ninyi mnamjua huyu Mwalimu siku zote. Amenipigia simu sasa hivi, anasema darasa lake la asubuhi leo ni tupu, hakuna aliyekuja, kwa hiyo nimpeleke tu mtoto ampime akiwa peke yake, na mimi niende sokoni nirudi baadaye. Nimwache?

Betri aliitazama simu yake. Ilikuwa imezimika.

— Mwalimu, alisema Waziri Kivuli, ni mtu ambaye kwa mchango wake katika jamii...

— Sijauliza mchango wake, mzee wangu. Nimeuliza kama nimwache.

— Mambo haya yana pande mbili, binti yangu.

— Mtoto ninaye mmoja. Nimwache?

Breki alikuwa amekishika kikombe mdomoni ingawa kilikuwa kitupu. Mdogo wake Kitasa akawatazama kwa zamu, bila ukali, kama mtu aliyepotea anavyowatazama wenyeji.

— Wajukuu zako wanasoma pale, Mzee Breki. Kaka aliniambia. Leo hawakwenda?

— Wana mafua, alisema Breki.

— Wote?

— Mama yao aliona... yalianza Ijumaa.

— Na binti yako, Betri?

— Tumbo, alisema Betri. Yuko nyumbani. Lilimshika ghafla.

— Wangu amekwenda kwa shangazi yake, alisema Waziri Kivuli kabla hajaulizwa. Kupumzika.

Kitasa aliisikia mafua, akalisikia tumbo, akamsikia shangazi, na ikamchukua muda kuelewa anachokisikia. Kwa hiyo waliolifanya darasa kuwa tupu ni wao. Tangu Alhamisi waliamini. Walimwamini yule mama neno kwa neno, wakaenda nyumbani usiku ule wakawazuia watoto wao wasiende tena, asubuhi wakaja hapa kumwita mwongo na kukung'uta mto. Na mtoto wa mgeni, asiye na mtu wa kumnong'oneza, angekwenda na rula yake. Muda wote huo Kitasa alikuwa akimngoja mmoja aamini, kumbe wote walikuwa wameshaamini. Hakuona aibu tena. Aibu ilimtoka kama homa inavyotoka, akabaki na hasira peke yake, na hasira ile ilikuwa na sauti.

— Usimpeleke, alisema.

Wote wakageuka. Mdogo wake akamsogelea.

— Unajua nini, kaka?

— Nilisoma pale. Nikiwa na umri wa kumpita huyu kidogo tu. Yule fundi cherehani amesema kweli. Na mimi yalinipata.

Ilikuwa sentensi fupi, na aliitoa yote. Aliiweka tupa chini. Mdogo wake hakumuuliza kwa nini hakusema. Alimshika mkono, mweusi kwa vumbi la chuma, akaubana kwenye kanga yake.

— Nimekusikia, kaka, alisema. Nimekuamini. Hakuna anayekwenda popote.

— Lakini Kitasa, alisema Breki kwa sauti ndogo, bwana, miaka yote tumekaa hapa. Mbona hukutuambia?

Kitasa alimtazama. Alikuwa na majibu mengi: lile la simu, la cherehani, la mataifa. Akaona yote yameshasemwa asubuhi ile na wenyewe.

— Suala hili, alianza Waziri Kivuli akiipapasa filimbi yake, ni zito. Nashauri Kamati ikae, isikilize pande zote...

— Mzee, kaa na Kamati yako, alisema Kitasa.

Mpwa wake alikuwa amerudi, amekwisha kinai birika.

— Mjomba, kwani hatuendi?

— Hatuendi kule. Nitakufundisha hesabu mimi.

— Wewe unajua?

— Kidogo. Tutasaidiana.

Akavuka barabara. Hakuwa amewahi kuingia katika duka lile, ingawa lilimkabili miaka mingi, na suruali zake alizipeleka mbali kushonwa bila kujiambia sababu. Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake, mikono mapajani. Alipomwona mlangoni uso wake ulikaza, kama mtu aliyezoea kutukanwa tangu juzi na sasa anangoja zamu ya mwingine.

— Alhamisi nilikuwa mstari wa nyuma, alisema Kitasa. Nilikusikia. Ilinipasa kusimama, sikuweza. Na mimi nilikuwa kwenye chumba kile.

Machozi yalimtoka mama yule, akayaacha. Kisha akaondoa vitambaa vilivyokuwa juu ya kiti cha wateja, akakisogeza.

— Kaa, alisema.

Akakaa. Ng'ambo ya pili watu watatu walikuwa wamesimama, hawajui pa kuweka mikono, na muuza kahawa alikuwa anakusanya vikombe vyake hata kabla kahawa haijaisha.

— Jumatatu naenda polisi kutoa maelezo, alisema fundi cherehani. Dada yangu amekataa kunisindikiza. Nilishajiambia nitakwenda peke yangu.

— Saa ngapi? aliuliza Kitasa.